Nyumba Inayojijenga Yenyewe: Somo juu ya Ganda la Virusi



Labda umekwisha kuona jambo hili kijijini kwako. Mtoto alikuwa akitembea na kucheza na wenzake. Akashikwa na homa siku mbili tatu, homa kama zile nyingine. Asubuhi moja mama yake anamwinua kitandani, na tazama, mguu mmoja unaning'inia kama kitambaa. Mtoto hawezi kusimama.

Ndipo maneno yanaanza. Mmoja anasema, “Amerogwa.” Mwingine anakumbuka ya kwamba bibi mzee wa jirani alimpa mtoto ndizi juzi. Watu wanakasirika, jamaa wanagawanyika, na mara nyingine mzee asiye na kosa anafukuzwa katika nyumba yake. Mguu wa mtoto haukupona, na sasa kuna jeraha la pili, ndilo la chuki.

Ugonjwa huo jina lake ni polio. Haukuletwa na bibi mzee. Umeletwa na kitu kidogo sana kiitwacho virusi, nacho kiliingia kwa kinywa, katika maji au chakula kilichoguswa na mavi ya mtu mwenye virusi. Katika watoto 200 walioingiwa na virusi hivi, kama mmoja tu hupooza. Wengine hawaonekani kuwa wagonjwa, lakini wanavieneza chooni na mitoni. Ndiyo sababu ugonjwa huonekana kama umetoka mahali pasipojulikana.

Katika somo hili tutatazama virusi vimejengwa namna gani. Usiseme, “Hayo ni mambo ya wataalamu tu.” Ukifahamu nyumba ya virusi, utafahamu pia kwa nini penisilini haiwezi kuviua, kwa nini sabuni yaua vingine na vingine haviui, na kwa nini sanduku la chanjo halipaswi kuachwa juani hata kidogo.

1. Virusi ni kitu gani?

Mnyoo una kinywa na tumbo. Amiba hula na kugawanyika. Bakteria nayo hula, hukua, na kuzaa. Lakini virusi havina kinywa, havina tumbo, havili, havikui. Kirusi kimoja cha polio ni vitu viwili tu: uzi na ganda.

Uzi ule ni maagizo. Umeandikwa kwa herufi za namna nne tu, zikifuatana moja baada ya nyingine kama shanga. Wataalamu wanauita ARN. Uzi wa polio una herufi kama 7500. Uzi huu ni dhaifu, wakatika upesi. Kwa hiyo lazima ufungwe ndani ya ganda, kama vile karanga inavyofungwa ndani ya ganda lake. Ganda la virusi limefanywa kwa protini.

Kirusi kikiwa nje ya mwili hakifanyi kazi yo yote. Kikiingia ndani ya seli ya mwili, ganda linafunguka, uzi unatoka, na seli inadanganyika. Inasoma maagizo ya uzi kana kwamba ni maagizo yake yenyewe. Inaanza kutengeneza nyuzi mpya na vipande vipya vya ganda, maelfu na maelfu. Halafu vipande vinaungana, maganda yanakamilika, seli inapasuka, na virusi vipya vinatoka kutafuta seli nyingine. Polio ikifika katika seli za mishipa ya fahamu zinazoendesha miguu, seli hizo zinakufa, na mguu haupati tena agizo la kutembea.

Ukubwa wake je? Ganda la polio lina upana wa nanometa 30 hivi. Milimita moja ina nanometa milioni moja. Ukivipanga virusi vya polio katika mstari mmoja, itakupasa kupanga zaidi ya 33000 ili kufikia milimita moja tu.

2. Kwa nini ganda ni la vipande vidogo vinavyofanana

Sasa fikiri kama fundi. Ukitaka kujenga nyumba, hutafuti tofali moja kubwa lenye ukubwa wa nyumba nzima. Unatengeneza kalibu moja ya mbao, unafyatua nayo matofali mengi yanayofanana, kisha unayapanga. Kalibu moja yatosha kwa nyumba nzima.

Virusi navyo vinafuata njia hiyo, wala havina njia nyingine. Tufanye hesabu kwa kirusi kinachojulikana sana, kile kinacholeta madoadoa katika majani ya tumbaku. Umbo lake ni kama fimbo, na ganda lake lina vipande 2130 vya protini. Kila kipande kimefanywa kwa viungo 158, navyo vinaitwa asidi amino. Ili kuagiza kiungo kimoja, uzi unahitaji herufi 3. Kwa hiyo kipande kimoja chahitaji herufi 158 mara 3, yaani 474.

Kama ganda zima lingekuwa kipande kimoja kikubwa, lingehitaji viungo 158 mara 2130, yaani 336540. Na maagizo yake yangehitaji herufi zaidi ya milioni moja. Lakini uzi wa kirusi hiki una herufi kama 6400 tu! Haiwezekani. Uzi ni mfupi, na ganda ni kubwa. Kwa hiyo uzi unaagiza kipande kimoja kidogo, na kipande hicho kinatengenezwa tena na tena. Mwaka 1956 wataalamu wawili, Francis Crick na James Watson, waliandika ya kwamba virusi vidogo lazima viwe vimejengwa hivyo, na baadaye ikaonekana kuwa ni kweli.

Lakini swali kubwa limebaki. Matofali hayapandi ukutani yenyewe. Kama vipande vimetengenezwa, nani anavipanga?

3. Jambo lililoonekana katika tumbaku

Mwaka 1892 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alichukua maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa, akayachuja kwa chujio lenye matundu madogo sana, ambayo bakteria haziwezi kupita. Maji yaliyopita bado yalileta ugonjwa. Basi kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alifanya kazi kama hiyo, akakiita kitu hicho virusi. Mwaka 1935 Wendell Stanley, katika Marekani, alikitoa kitu hicho katika majani kikiwa safi, kikang'aa kama chembe za chumvi.

Ndipo mwaka 1955, huko California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walifanya jaribio lililowashangaza watu wengi. Walikibomoa kirusi cha tumbaku. Wakaweka vipande vya protini upande mmoja, na nyuzi upande mwingine. Vipande vya protini peke yake havikuleta ugonjwa. Kisha wakavichanganya tena pamoja katika maji. Hawakuvishika kwa koleo, wala hawakuvipanga kwa mkono, kwa maana hakuna mkono unaoweza kupanga vitu vidogo hivyo. Walichanganya tu na kungoja.

Walipotazama tena, waliziona fimbo zimesimama kama zilivyokuwa kwanza. Vipande vilikuwa vimejipanga kuuzunguka uzi, kama ngazi ya mzunguko. Na fimbo hizo mpya zilileta ugonjwa katika majani ya tumbaku. Nyumba ilikuwa imebomolewa, nayo ikajijenga yenyewe.

4. Nani anayejenga?

Hakuna fundi ndani ya seli anayesimama na kuviamuru vipande vya ganda. Agizo la kujenga liko katika umbo la kila kipande. Tazama mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kufaana. Kila kipande kina mabonde na vilima vyake. Kilima cha kipande kimoja chaingia katika bonde la mwenzake, kama mpini unavyoingia katika tundu la jembe. Ukijaribu kuuingiza upande mwingine, hauingii.

Jambo la pili ni kuvutana. Umewahi kumwaga mawese katika maji? Matone ya mafuta hayakai mbalimbali. Yanatafutana na kuungana, kwa kuwa mafuta na maji havipatani. Vipande vya protini navyo vina pande zisizopatana na maji. Vipande viwili vikikutana, pande hizo zinagusana na kujificha pamoja, mbali na maji. Tena kuna mahali penye umeme kidogo, pengine wa kuongeza na pengine wa kupunguza, na umeme wa namna mbili huvutana.

Jambo la tatu ni kutikisika. Katika maji ya mwili vitu vyote vidogo vinatikisika bila kupumzika, kwa sababu ya joto. Vipande vinagongana mara nyingi sana kwa dakika moja. Vikigongana vibaya, vinaachana. Vikigongana vizuri, vinashikana.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Arthur Olson, alitengeneza mfano wa kuonyesha jambo hili, nao uliandikwa mwaka 2007. Alifanya vipande 12, kila kimoja chenye pande tano, akatia sumaku ndogo kandokando. Akaviweka katika chupa kubwa na kuitikisa kwa mkono. Baada ya muda vipande vilijiunga vikawa mpira kamili wenye uwazi ndani. Akitikisa polepole mno, vipande vilikuwa havikutani vizuri. Akitikisa kwa nguvu mno, mpira ulivunjika. Ilipasa kutikisa kwa kiasi.

Hapa kuna fundisho ambalo mafundi watalifahamu upesi. Mshikamano wa kipande na kipande si wa nguvu sana, na hiyo ni faida. Ukiweka tofali vibaya wakati udongo ungali mbichi, waweza kuliondoa na kuliweka vizuri. Udongo ukikauka mara moja, kosa linabaki na ukuta unapinda. Vivyo hivyo kipande kilichokaa vibaya katika ganda kinashikwa kidogo tu, basi mtikisiko unakiondoa. Kipande kilichokaa vizuri kinashikwa na wenzake pande zote, basi kinadumu. Mshiko mmoja ni dhaifu, lakini mishiko mingi pamoja ni imara.

5. Jifanyie ganda mwenyewe

Kabla ya kuendelea, chukua karatasi ngumu au boksi la zamani. Kata pembetatu 20 zenye pande tatu sawasawa, kila upande sentimeta 5. Tafuta na gundi, au uzi na sindano.

Kwanza weka pembetatu 6 mezani, ncha zake zikutane mahali pamoja. Utaona zinalala sawasawa juu ya meza, bila kuinuka. Sasa ondoa moja, uvute zile 5 zilizobaki mpaka zishikane. Tazama, zinainuka katikati kama kofia! Basi umejifunza kanuni kubwa: sita zinalala, tano zinapinda.

Shona kofia ya pili yenye pembetatu 5. Zile 10 zilizobaki uzishone ziwe mkanda, moja ikitazama juu na moja ikitazama chini, kisha ufunge mkanda uwe mviringo. Weka kofia moja juu na nyingine chini, ushone. Sasa una mpira wenye nyuso 20 na ncha 12. Ukihesabu ukapata ncha 11 au 13, kuna mahali umekosea. Fumua ushone tena.

Umbo hilo ndilo umbo la ganda la polio. Katika kila uso wa pembetatu kuna sehemu tatu zilizo sawa, na 20 mara 3 ni 60. Kwa hiyo ganda la polio lina sehemu 60 zinazofanana.

Virusi vikubwa zaidi vinaongeza vipande, lakini kanuni haibadiliki. Tazama mpira wa miguu wa zamani, ule wa rangi mbili. Viraka vyeupe vyenye pande sita ni 20. Viraka vyeusi vyenye pande tano ni 12. Vyeupe vinapanua mpira, na vile 12 vyeusi vinaupinda mpaka ufungike. Mwaka 1962 Donald Caspar na Aaron Klug walieleza kanuni hii kwa virusi. Klug alikuwa amefanya kazi London pamoja na Rosalind Franklin, mwanamke mwenye bidii nyingi aliyetazama virusi vya tumbaku kwa miale ya eksirei. Alikuwa ameanza kutazama polio alipokufa kwa kansa mwaka 1958, akiwa na miaka 37. Kazi yake iliendelezwa na wenzake, na mwaka 1985 wataalamu wa Marekani walifaulu kuonyesha umbo lote la ganda la polio.

6. Ganda la polio linavyojengwa

Sasa fuata hatua hizi moja moja, ukishika mpira wako wa karatasi mkononi.

Hatua ya kwanza. Seli iliyodanganywa inasoma uzi wa polio na kutengeneza protini moja ndefu. Protini hiyo inakatwa vipande na mkasi ambao nao umeagizwa na uzi wa virusi.

Hatua ya pili. Vipande vitatu vya ganda vinashikana, vinakuwa tofali moja.

Hatua ya tatu. Matofali 5 yanajiunga kuzunguka mahali pamoja. Kumbuka kofia yako ya pembetatu tano. Ndivyo yanavyoinuka kidogo katikati.

Hatua ya nne. Kofia 12 zinakutana na kuufunga uzi ndani. Hesabu sasa: 12 mara 5 ni 60. Mara nyingine ganda linafungika bila uzi. Hilo ni ganda tupu, nalo haliwezi kuleta ugonjwa. Likumbuke, tutalihitaji.

Hatua ya tano. Uzi ukiwa umekwisha kufungwa, moja ya vile vipande vitatu inakatwa kuwa viwili, ndani ya kila tofali. Ni kama mwenye nyumba anayetia komeo mlangoni. Ganda linakuwa imara, na sasa kirusi kinaweza kuambukiza.

Ganda hili lina kazi mbili zinazoshindana. Nje ya mwili lazima liwe gumu, lihifadhi uzi hata ndani ya tumbo lenye asidi. Lakini likigusa seli inayofaa, lazima lifunguke na kuuachilia uzi. Kwa hiyo ganda ni kama mtego uliotegwa. Limetulia, lakini liko tayari kufyatuka. Na mtego waweza kufyatuka kwa sababu nyingine pia, nayo ni joto. Tutaona sasa jambo hilo linavyokuhusu wewe.

7. Mambo ya kukumbuka kazini na nyumbani

Usidai penisilini kwa ugonjwa wa virusi. Penisilini huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Virusi havina ukuta wa namna hiyo. Ganda lake limejengwa kwa njia nyingine kabisa, kama ulivyosoma. Shindano la penisilini kwa surua au polio halimgusi kirusi hata mmoja. Mwuguzi akikataa kukupiga shindano, usidhani anakunyima dawa. Bakteria zikiingia baadaye, kama vile katika mapafu ya mtoto mwenye surua, hapo mwuguzi ataamua.

Lakini sasa zimeanza kupatikana dawa zinazoshambulia ganda lenyewe. Ganda la virusi vya ukimwi lina umbo la pia, lenye vipande kama 1500, nalo pia limefungwa kwa zile kofia 12 za vipande vitano. Dawa iitwayo lenakapaviri inajishikiza katika vipande hivyo, hata ganda lisiweze kujengwa wala kufunguka kwa wakati wake. Dawa hiyo ilikubaliwa kwa matibabu mwaka 2022 katika Ulaya na Marekani, na mwaka 2025 ikakubaliwa Marekani kwa kuzuia maambukizo, kwa kupigwa shindano kila miezi sita.

Nawa mikono, na ufahamu unachofanya. Virusi vingine, kama vya Ebola na vya korona, vina ngozi ya mafuta juu ya ganda. Sabuni huvunja mafuta. Umeona sahani yenye mawese inavyosafishwa? Ndivyo ngozi hiyo inavyopasuka, na kirusi kinakufa. Polio haina ngozi ya mafuta. Sabuni haivunji ganda lake, na pombe ya mikono haliwezi sana. Basi je, tusinawe? Hapana! Nawa kwa sabuni, usugue sana, umwagie maji yanayotiririka, ili virusi viondoke mikononi. Maji ya kunywa yachemshe, maana ganda haliwezi kustahimili maji yanayochemka. Nguo na vyombo vyenye kinyesi vitiwe Javel kama mwuguzi atakavyokuonyesha. Na choo kifunikwe.

Ilinde chanjo isipate joto. Mwili hujifunza kumjua adui kwa sura ya ganda lake. Ganda la polio likipashwa joto la digrii 56, mtego unafyatuka upesi: uzi unatoka, na sura ya ganda inabadilika. Askari wa mwili waliojifunza sura hiyo iliyoharibika hawatamtambua adui wa kweli. Na chanjo ya matone, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ikiharibika kwa joto haiwezi tena kuongezeka tumboni na kuufundisha mwili. Joto dogo nalo huiharibu, ila huchukua muda mrefu zaidi. Mama atarudi nyumbani akifurahi, “Mtoto wangu amechanjwa,” kumbe amepewa maji tu. Hatari ya jambo hilo haionekani siku ile. Huonekana siku ile mguu unapolegea.

Kwa hiyo, wewe unayebeba sanduku la baridi kwa baiskeli au pikipiki au pirogi, jua ya kuwa umebeba miguu ya watoto. Usifungue sanduku bila sababu. Usiliweke juani unapongoja kivuko. Tazama alama iliyo juu ya kichupa: ni duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Tazama tarehe yake kisha utumie. Mraba ukifanana na duara kwa rangi, au ukiwa mweusi zaidi, usimpe mtoto hata tone moja. Tena usidhani ya kwamba baridi kali inafaa chanjo zote. Chanjo ya polio ya shindano na ile ya hepatitis B huharibika zikiganda barafu. Kila chanjo ina sheria yake.

Usiogope chanjo za maganda matupu. Je, unakumbuka ganda tupu? Wataalamu waliona ya kwamba ganda lisilo na uzi lina sura ya adui, lakini halina maagizo ya kuleta ugonjwa. Ni kama kumwonyesha mlinzi nguo za mwizi, bila mwizi ndani. Mwaka 1986 ilikubaliwa chanjo ya hepatitis B iliyotengenezwa kwa chachu. Chachu inapewa agizo la protini moja tu ya kirusi, na protini hizo zinajikusanya zenyewe kuwa chembe za mviringo. Chanjo ya kansa ya mlango wa tumbo la uzazi, iliyokubaliwa mwaka 2006, ni maganda matupu yenye kofia 72 za vipande vitano, yaani vipande 360. Na chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Ulimwenguni lilizikubali mwaka 2021 na 2023 zimejengwa juu ya protini ile ile ya hepatitis B inayojikusanya. Mwaka 2017 watafiti katika Uingereza walitengeneza maganda matupu ya polio ndani ya mmea ulio jamaa ya tumbaku. Somo lilianza katika jani la tumbaku, na tazama, limerudi huko tena likileta faida.

8. Neno la mwisho

Mwaka 2020 ilitangazwa ya kwamba polio ya asili imeondoka katika Afrika. Watu walishukuru Mungu, na ilifaa kushukuru. Lakini katika miaka iliyofuata watoto wa Kongo wameendelea kupooza kwa polio ya namna nyingine. Virusi dhaifu vya chanjo ya matone, vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wengi wasiochanjwa, vinaweza kubadilika maagizo yake na kupata nguvu tena. Tunakuambia jambo hili waziwazi, kwa kuwa watu watakuambia nusu yake tu. Kosa haliko kwa mtoto aliyechanjwa. Virusi hivyo hupata njia mahali ambapo watoto wengi wameachwa bila chanjo. Watoto wote wakichanjwa, havipati mahali pa kuzunguka.

Msomaji, labda utauliza, “Kwa nini kitu cha ajabu hivi kinaleta huzuni nyingi?” Swali hilo ni zito, wala kitabu kidogo kama hiki hakiwezi kulimaliza. Lakini tumepewa na Muumba akili ya kuchunguza, mikono ya kunawa, na moyo wa kumhurumia jirani. Tumejua sasa ya kwamba mguu wa mtoto haukupooza kwa sababu ya jicho la bibi mzee. Basi mtu akianza kunong'ona kijijini, wewe usinyamaze. Chukua mpira wako wa karatasi, keti nao barazani, uwaonyeshe. Kisha mpeleke mtoto mgonjwa hospitali upesi, na wale wazima uwapeleke kuchanjwa.

Maswali ya kujibu

1. Kirusi cha polio kina vitu viwili. Vitaje, useme na kazi ya kila kimoja.
2. Kwa nini ganda haliwezi kuwa kipande kimoja kikubwa? Eleza kwa hesabu.
3. Katika mwaka 1955 ni jambo gani lilionekana katika virusi vya tumbaku?
4. Kwa nini ni faida kwamba vipande vya ganda vinashikana kidogo tu?
5. Pembetatu sita zinalala. Pembetatu tano zinafanya nini?
6. Umefika kijijini na sanduku la chanjo. Mraba wa kichupa umekuwa sawa na duara kwa rangi. Watu 40 wanangoja. Utafanya nini, na utawaambia neno gani?